Mashine ya oksijeni ya Mzee ilipogoma, nikadhani punje za friji zitaiokoa

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlio kazini na mlio kwa jam.

Leo naleta kitu kilichotokea kwetu nyumbani, mtaa wa Jericho, Nairobi. Sitatia chumvi. Nilichokiona nitasema nilikiona, nilichoelezwa nitasema nilielezwa, na mahali nimetokea kama mjinga chekeni tu, mathe ashanicheka kuwaliko.

Mimi ni fundi wa friji. Nina kibanda karibu na soko. Friji haigandishi, leta. Inavuja gesi, leta. Imeingiwa na panya, leta pia, ingawa nitalalamika.

Naishi na wazazi wangu. Mzee alifanya kazi reli, upande wa karakana, maisha yake yote ya ujana. Vumbi, moshi wa kuchomelea, halafu juu yake sigara ambazo alikuwa anasema ni za kuondoa baridi. Baridi gani hiyo ya Nairobi ya kuondolewa mchana wa Januari, sijui.

Mapafu yakachoka. Ikafika mahali kutoka kitandani hadi mlangoni ni safari ya kupumzika njiani. Daktari akasema Mzee atahitaji oksijeni nyumbani, masaa mengi kila siku.

Tukaanza na mitungi. Aliyewahi kubeba mtungi wa oksijeni begani ananielewa. Unaufikisha nyumbani, unashukuru Mungu, kabla jasho halijakauka mshale wa kipimo umeanza kushuka.

Halafu kuna familia moja ya kanisa letu, wanakaa Lucky Summer. Nyanya yao alikuwa anatumia mashine ya oksijeni, akapumzika. Wakatupigia: njooni mchukue, haitusaidii tena.

Mashine yenyewe ina ukubwa wa stuli, ina magurudumu, unaichomeka kwa stima basi. Haina mtungi. Kengele yake ya onyo ilikuwa imekufa kitambo, lakini taa zilikuwa zinawaka, na kazi ilikuwa inafanya.

Mzee akaizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mtungi uko wapi?"

"Haina mtungi, Baba. Inavuta hewa ya hapa kwa nyumba, inatoa oksijeni."

"Hewa ya hapa?"

"Ndio."

"Hii hewa ya Jericho ambayo tayari imenishinda, ndiyo inaivuta, inaizungusha, inanirudishia?"

Nilikuwa nimeambiwa inafanya kazi, na ilikuwa inafanya. Kile kidude cha kubana kidole, cha kupima oksijeni ya damu, kilikuwa kinasoma vizuri, midomo ya Mzee ikarudi rangi yake, na ndani ya wiki chache alikuwa ameanza kugombana na redio. Ukiona Mzee anagombana na redio, jua amepona.

Alikuwa anaiita Mama Mkwe. Kwa sisi watu wa Bungoma mama mkwe ni mtu wa heshima, hukai naye ovyo ovyo chumba kimoja. Mzee akasema huyu amehamia sitting room, halali, na usiku kucha anapumua pshh, pshh, na huwezi kumwambia arudi kwao.

Mathe naye akaishonea kitambaa.

Mnawajua mathe zetu. Tivii ina kitambaa. Thamosi ina kitambaa. Viti vina vitambaa ambavyo ukiegemea unaondoka navyo mgongoni. Mama Mkwe hakuachwa nyuma, akafumiwa chake cheupe chenye maua ya manjano, kikaning'inia mpaka katikati, kikafunika taa zote.

Hapo hakuna aliyeona shida. Hata mimi niliona nyumba imependeza.

Mvua ndefu zikaanza. Nguo haziwezi kukauka nje, kwa hivyo mathe akafunga kamba sitting room, kutoka dirishani hadi kwa msumari wa kalenda. Ukiingia kwetu unapokelewa na mashuka.

Mara nikaanza kuona Mzee analala sana. Analala akikula, analala katikati ya sentensi. Mathe akasema ni baridi. Redio ikaongea peke yake bila mpinzani.

Alhamisi moja nikarudi kula lunch nikamkuta kwa kiti, mpira uko puani, mashine inanguruma, na midomo yake iko rangi ya zambarau.

Nikambana kidole na kile kidude. Kilisoma sabini na kitu.

Wakuu, mimi si daktari, lakini nilikuwa nimeambiwa ikienda chini ya themanini na tano, usikae kujadiliana. Hatukujadiliana. Jirani alitoa gari, tukambeba kama sofa, tukamkimbiza kliniki.

Wakamwekea oksijeni ya mtungi. Kitambo kidogo akafungua macho, akaniangalia, akauliza, "Umefunga kibanda?"

Nikatoka nje nikalia kidogo. Nikarudi.

Daktari akasema yuko sawa kurudi nyumbani mradi tuwe na mtungi, lakini ile mashine ikaguliwe, maana kwa maelezo yetu ilikuwa imewashwa na haikuwa inamsaidia. Tukarudi na mtungi mmoja, na wa pili tukaazimwa.

Nikatoa kitambaa cha mathe. Chini yake taa ya manjano, ya kuonya kwamba oksijeni imepungua, ilikuwa inawaka. Kwa muda gani, hakuna anayejua.

Sasa hapa ndipo ufundi ulinipanda kichwani.

Nikafungua mashine. Ndani nikakuta kompresa, nikajisemea huyu ni ndugu yangu. Nikakuta valvu, mipira, feni. Halafu nikakuta mikebe miwili ya chuma imesimama bega kwa bega. Nikafungua mmoja. Umejaa punje ndogo ndogo za rangi ya udongo mweupe, kama mtama.

Nikacheka kwa sauti.

Hizo punje nazijua! Kila friji ina kamkebe kadogo ka shaba tunaita draya. Ndani yake kuna punje hizo hizo. Kazi yake ni kunyonya unyevu ulioingia kwa gesi. Ni mawe yenye vitundu vidogo sana ambavyo macho hayaoni, na maji yanaingia mle ndani yanabaki. Fundi yeyote wa friji anazijua.

Kwa hivyo nikajiambia, zimechoka, niweke mpya. Nikaenda kibandani, nikarudi na punje mpya za draya, nikajaza mikebe yote miwili, nikafunga, nikawasha.

Mashine ikaunguruma kama imetoka dukani jana. Pshh. Pshh. Hewa inatoka kwa mpira kwa nguvu. Mathe akaimba pambio.

Taa ya manjano haikuzima, lakini nikasema hiyo ni sensa imekufa, kama vile kengele.

Nikashika mpira wa Mzee ili nimtoe kwa mtungi nimrudishe kwa mashine. Mshale wa mtungi ulikuwa unashuka na nilitaka kuupumzisha.

Mathe akanishika mkono.

"Ngoja. Umejuaje kwamba ni oksijeni inatoka?"

"Mama, si unaona inatoka?"

"Naona hewa inatoka. Hata kwa feni hewa inatoka."

"Mama..."

"Wafula. Huyu ni mume wangu si friji. Tafuta mtu wa kupima."

Nilinuna, sitaficha. Lakini nikapigia ile familia ya Lucky Summer, wakanipa namba ya dada aliyekuwa anahudumia mashine ya nyanya yao. Anaitwa Muthoni, alisomea vifaa vya hospitali, ana karakana yake ndogo. Akaja Ijumaa asubuhi kwa boda, mgongoni ana begi.

Hakuongea sana. Alisalimia wazee, akatoa kidude kama simu ya zamani, kipimo cha asilimia ya oksijeni, akachomeka mpira wa mashine kwake. Tukainama wote kama watu wanaangalia penalti.

Ishirini na moja.

"Hiyo ni mbaya?" nikauliza.

Akatoka na kile kidude mpaka mlangoni, akakiinua hewani juu ya mtaro. Ishirini na moja.

"Fundi," akasema polepole, "hii mashine yako inatoa hewa ya nje. Ungemwekea Baba hii, ungekuwa umemwekea feni."

Nikazima mashine.

Mzee, kwa kiti chake, akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Si nilisema? Hewa ya Jericho!"

Muthoni akavuta stuli, akatuelezea, na nitajaribu kuwaletea vile nilivyoelewa.

Hewa tunayovuta, sehemu kubwa ni nitrojeni, oksijeni ni kama moja kwa tano. Hizo mbili zinafanana sana. Ukubwa karibu sawa, hazina rangi, hazina harufu. Ukitengeneza chujio la kuzitenganisha kwa ukubwa peke yake utahangaika sana.

Kwa hivyo ile mikebe huwekewa jiwe linaitwa zeolite, lakini si zeolite yoyote. Vitundu vyake vina milango mikubwa inayoruhusu zote mbili kuingia. Tofauti ni kwamba mle ndani kuna chaji za umeme, na nitrojeni inavutwa nazo zaidi. Inanata. Oksijeni inapita.

Mzee akainua mkono kama yuko shule. "Kwa hivyo nitrojeni ni kama mimi nikipita Kiamaiko."

"Vipi, Baba?"

"Mimi na bibi yangu tukipita pale kwa soko la mbuzi. Njia ni moja, tumeingia pamoja. Mimi nasimama kwa kila mbuzi nauliza bei. Yeye anapita, anafika stage, ananingoja akiwa amekasirika."

Muthoni alicheka mpaka akashika meza. Akasema kuanzia siku hiyo atafundisha hivyo.

Halafu mkebe mmoja ukikaribia kujaa nitrojeni, mashine inahamia wa pili, na ule wa kwanza unaachilia presha, nitrojeni inatoka. Ndiyo ile pshh. Mmoja unashika, mwingine unatema, zamu kwa zamu.

"Na punje zangu?" nikauliza, sauti imeshuka.

Akachukua moja akaiweka kwa kiganja. "Hizi pia ni zeolite. Ni ndugu. Lakini milango yake ni midogo sana. Maji yanapita, nitrojeni haipiti. Kwa friji ndio unataka hivyo. Hapa nitrojeni inafika mlangoni, inakosa kuingia, inaendelea na safari pamoja na oksijeni. Hakuna kilichotenganishwa."

Mawe mawili ya familia moja, kwa macho ni pacha, kumbe moja ni uhai na lingine ni pambo.

Nikamuuliza basi zile za kwanza zilikufaje.

Akachukua punje za zamani, akazipima uzito kwa mkono, akaangalia zile kamba za nguo juu ya vichwa vyetu. Akaangalia kitambaa kilichokunjwa juu ya meza.

"Maji," akasema. "Nitrojeni inanata lakini ukiachilia presha inatoka. Maji yakiingia humu yanashika kiti, hayatoki. Lakini mashine ikitumika vizuri kila siku, unyevu wa kawaida hauiui haraka hivi. Mlikuwa mnaizima zima?"

Nikasema hapana. Mzee anaitumia siku nzima.

Mathe akaangalia sakafu. Mzee akaangalia redio.

"Baba?" Muthoni akasema.

"Kidogo kidogo," Mzee akajibu.

Mathe akashindwa kuvumilia. "Kidogo gani? Kila Odhiambo akija unaizima! Unaficha mpira chini ya mto!"

Mzee Odhiambo ni rafiki yake wa reli, walifanya karakana moja, anakaa line ya nyumba za nyuma yetu. Anakuja karibu kila alasiri wanacheza drafti. Mimi wakati huo niko kibandani, sikuwa najua lolote. Kumbe akisikika anabisha, Mzee anazima mashine, mathe anashusha kitambaa, na wanaume wawili wanakaa wanacheza. Akienda chooni, inawashwa dakika mbili. Akirudi, inazimwa. Mashine haipati nafasi ya kupata joto na kujikausha, na iko chini ya mashuka mabichi, mchezo huo alasiri nzima.

"Kwa nini, Baba?" nikamuuliza.

Akauvuta mpira kidogo puani.

"Odhiambo na mimi tulikuwa tunainua gurudumu la behewa," akasema. "Watu wawili. Wengine walikuwa wanaita wanne. Sasa anikute nimefungwa kamba puani kama ndama?"

Muthoni akajifanya anapanga begi.

Kabla aondoke akaniambia mikebe iliyojazwa punje zinazofaa, imefungwa kiwandani, anaweza kuipata, lakini labda Jumapili. Akanikataza kujaza mwenyewe tena, kwa sababu hata punje za aina inayofaa zikijazwa vibaya zinasagana zinakuwa vumbi, na vumbi linafuata njia ya kwenda kwa mgonjwa. Nikakubali bila kubisha.

Sasa kazi ikawa kufika Jumapili. Mtungi wa kwanza ukaisha Jumamosi. Tukafungua ule wa kuazimwa. Mathe hakuenda kanisani, alikaa karibu na mshale akiusomea zaburi.

Jumapili mchana Muthoni akapiga akasema ameipata, lakini barabara imejaa maji, boda imekataa. Mshale ulikuwa umeingia kwa ile sehemu nyekundu. Nikamwambia mathe, Mzee akipata shida yoyote wampeleke kliniki, nikavaa gumboots, nikakutana na Muthoni njiani akiwa amekunja suruali, amekumbatia mikebe miwili imefungwa kwa plastiki mara tatu kama mtoto mchanga. Yeye amelowa kabisa. Mikebe ilikuwa kavu.

Tukafunga. Hapo angalau nilikuwa na maana. Alipowasha, yeye akasikiliza valvu, mimi nikachukua povu la sabuni nikapaka kila kiungo vile tunatafuta gesi kwa friji. Kiungo kimoja nyuma kikatoa mapovu. Nikakibadilisha klipu.

"Uko na mkono mzuri," akaniambia. Wakuu, baada ya wiki ile, sentensi hiyo nililala nayo.

Akachomeka kile kipimo.

Ishirini na nane. Mathe akashika kifua.

Arobaini.

Hamsini na tano. Mzee, mtungi wake ukipiga mluzi wa mwisho mwisho, akaanza kuhesabu nasi.

Sabini. Themanini na mbili. Themanini na tisa.

Ilipopita tisini taa ya manjano ikazima, ya kijani ikawaka. Muthoni akasema, "Mpatie Baba."

Nilimwekea mpira mimi mwenyewe. Akafunga macho, akavuta. Akavuta tena. Tukambana kidole, tukangoja.

"Hii," Mzee akasema, "si hewa ya Jericho."

Kamba ya nguo nilihamishia veranda siku hiyo hiyo. Mama Mkwe akasukumwa katikati ya chumba, mbali na ukuta, uchi. Kitambaa kimepewa birika.

Jumanne ndiyo nataka kuwaambia.

Sikuenda kibandani alasiri, nilibaki makusudi. Mlango ukabishwa, tukajua ni nani. Mathe akaniangalia. Mkono wa Mzee ukaenda kwa swichi, ukakaa pale juu yake. Nikahesabu pshh tatu au nne.

Akautoa mkono. Akasema, "Ingia, Odhiambo."

Mzee Odhiambo akaingia na ubao wake wa drafti kwapani. Akasimama. Akaangalia mpira puani, akaufuata kwa macho mpaka kwa mashine. Akakaa polepole, na nikagundua kitu ambacho sikuwahi kugundua: yeye pia alikuwa anahema. Kutembea tu kutoka line ya nyuma, anahema.

"Hiyo ni ya oksijeni," akasema.

"Ndiyo."

"Inakusaidia?"

"Sana."

Akapanga vifuniko vya soda kwa ubao, kimoja kimoja, bila kuinua kichwa.

"Yangu iko chini ya kitanda," akasema. "Binti yangu aliniletea Krismasi. Nilimwambia imeharibika."

Mzee hakucheka. Nilidhani atacheka.

"Umewahi kuiwasha?"

"Siku moja. Halafu ukaja kunitembelea."

Wakaangaliana hao wazee wawili, na mimi nikaingia jikoni kusaidia mathe kitu ambacho hakuwa anahitaji kusaidiwa. Nikasikia Mzee anaanza, kwa sauti ya mwalimu: "Odhiambo, sikiza. Nitrojeni na oksijeni zinafanana, lakini moja inapenda kusimama kwa mbuzi..."

Muthoni alienda kwa Mzee Odhiambo kesho yake akapima ile mashine. Ilikuwa imekunywa unyevu lakini si sana, aliikarabati.

Siku hizi alasiri ukipita kwetu utasikia mashine mbili. Ya Mzee Odhiambo inaletwa kwa magurudumu. Ilibidi nivute waya mpya na kuweka soketi ya pili, maana kwa ile extension ya zamani tungechoma nyumba. Mathe analalamika hasikii redio. Mzee Odhiambo amemfunga Mzee wetu drafti wiki mbili mfululizo, na Mzee anadai ni kwa sababu mwenzake sasa anapata hewa ya kufikiria.

Nilichobeba mimi ni hiki. Vitu viwili vinaweza kufanana mpaka fundi mzima wa miaka yote hii aape ni kimoja, na kumbe kazi zao haziingiliani. Kama kitu kinaenda kwa pua ya mtu, usiamini macho, pima. Na kama una mzazi mwenye mashine ya aina hii: iache hewani, mbali na nguo mbichi na mvuke wa sufuria, usiivishe nguo, na ikiwashwa iachwe ifanye kazi. Daktari na fundi wa vifaa hivyo ndio wa kuulizwa, si mimi. Mimi niulizeni friji.

Lakini ile nyingine sijui niiweke wapi, haiko kwa mashine. Wanaume wawili walikaa meza moja miezi yote hiyo, kila mmoja akibana pumzi ili mwenzake asijue.

Nyinyi mna wazee wa hivyo nyumbani? Mliongea nao vipi? Wenye uzoefu wa hizi mashine pia shukeni hapo chini, na mtu wa kemia akiona nimekosea mahali anirekebishe taratibu, Mzee anasoma comments zote.